Alfonsi Hataki Kurudi

Eufrasia alikuwa anageuza vipande vya sangara kwenye karai, pale kibandani kwake Nyakato, Musoma, mtoto wake Nathanieli alipofika kutoka Butiama akiwa na habari aliyoifungafunga kwa salamu nyingi. Alimsalimia mama, akasalimia jirani, nusura asalimie hata kuku, kisha akauliza kama mvua imenyesha Musoma, na huku matope ya Musoma yamemfika kwenye soksi. Mama mtu akajua kuna jambo. Nathanieli tangu mdogo akivunja kitu alikuwaga anauliza habari za mvua.

Akabanwa, akatema. Shangazi Nyangi amekataa. Mtoto hatapewa jina la babu yake.

Huyo mtoto alikuwa wa Nathanieli na mkewe Boke, wa kiume, wa kwanza, bado shingo haijakaza. Na Nathanieli mwenyewe alikuwa mtoto pekee wa Eufrasia na marehemu Alfonsi Burito. Kwa watu wa upande wa Alfonsi, jina la nyumbani halitoki kwa baba wala kwa mama. Paroko ana lake la ubatizo, hilo hawamwingilii. Lakini la nyumbani ni la shangazi wa ukoo. Anambeba mtoto mpaka mlangoni, anamlambisha uji wa ulezi, anamtamkia jina la mtu wao aliyekufa, kisha anamweleza kazi zinazomngoja. Hapo aliyekufa amerudi nyumbani. Asiyepewa mtoto anabaki huko nje, na baada ya miaka hata mahali alipolala panalimwa mihogo.

Kwa hiyo kama si mtoto huyu, Alfonsi hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Eufrasia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana tangu Boke ashike mimba alikuwa anaomba awe wa kiume, na kwa tahadhari anaomba kwa watakatifu wawili tofauti.

Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo Nathanieli aliiogopa kuliko kelele, shangazi anatoa sababu gani.

"Anasema baba mwenyewe alikataa," Nathanieli akajibu. "Anasema watu wote wamemsikia, mpaka Shirati."

"Alikataa lini? Mimi ndiye niliyemfumba macho. Hakusema kitu."

"Kwenye ile nyimbo, mama."

Samaki wakaungua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kibanda kifunguliwe.

Ile nyimbo ilikuwa inajulikana Mara nzima, na mwenye nayo alikuwa Alfonsi kweli. Alfonsi alipiga gita katika Bendi ya Radi ya Musoma, bendi iliyokuwa inapiga roki wakati watu wa kawaida wanataka rumba. Roki aliitoa kwenye sahani za santuri ambazo kijana mmoja aliyesoma Nairobi alimwachia akienda jeshini. Mwanzoni mwa ndoa yao Eufrasia alikuwaga anakaa naye anasikiliza, na kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia pale kwenye salamu, alimwomba mumewe amtafsirie hao wazungu wanalia nini.

"Huyu anasema amekufa," Alfonsi anamwambia.

"Na huyu?"

"Naye amekufa. Ila yeye yuko kwenye gari."

"Huyu wa sauti nyembamba?"

"Bado hajafa. Anasubiri mwenzake."

Eufrasia alikasirika tangu siku hiyo. Si kwa sababu watu wanaimba kifo, kifo kinaimbwa kila mahali. Alikasirika kwa sababu wale watu walikuwa wanakufa bila usumbufu wowote. Mtu anakufa kwenye ubeti wa kwanza, kwenye ubeti wa pili ameshafika, anapokelewa na wenzake wenye nywele ndefu, anapewa gita. Nani aliwachimba makaburi? Nani alipika kwa ajili ya waombolezaji? Yule mama yake aliyeachwa, analala kwa nani? Alfonsi alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, anasema hayo mambo wazungu wameyaacha nje ya santuri kwa sababu hayaingii kwenye mapigo.

Halafu ukaja ule mwaka wa themanini na tatu, sabuni ikapotea. Si sabuni tu, lakini Eufrasia alikumbuka zaidi sabuni, kwa sababu alifua mashati ya bendi kwa majani ya mpapai mpaka mikono ikawa kijani. Siku moja ikasikika kuwa duka la ushirika limepata sabuni ya mche. Akamtuma mume. Alfonsi akakaa foleni tangu asubuhi, na jua la Musoma mnalijua. Alipofika dirishani, sabuni ikawa imeisha, akarudi nyumbani mikono mitupu akiimba. Alikuwa ametunga palepale kwenye foleni, na foleni nzima, alisema, iliitikia kiitikio:

*Sirudi tena, msinisubiri,*
*Huku hakuna foleni ya sukari,*
*Petro kavaa bugaluu nyekundu,*
*Malaika wapiga gita kwa zamu.*

Ndivyo ilivyozaliwa. Wala haikutoka kwenye maono au kwenye homa, ilitoka kwenye sabuni iliyokosekana. Eufrasia aliisikia ikiwa bado ya moto, na jibu lake la kwanza lilikuwa kumuuliza sabuni iko wapi.

Bendi ikaipiga kwenye madansi kwa gita lililofungwa waya wa breki ya baiskeli, maana nyuzi nazo zilipotea. Watu wakaipenda. Miaka miwili baadaye malaria ikampanda Alfonsi kichwani, akafa siku za mvua, akazikwa kwao Butiama, na Bendi ya Radi ikafa naye. Nyimbo ikabaki kwenye kanda moja iliyorekodiwa dansini Bunda, mikononi mwa Bernado, aliyekuwa mpiga dramu.

Nathanieli alimaliza kwa kusema kwamba shangazi ameshachagua jina lingine. Mtoto ataitwa Magige.

Hapo Eufrasia alivua aproni. Magige alikuwa baba mdogo wa kina Alfonsi, mwenye ng'ombe kule Mugeta, ng'ombe wengi mpaka wanaziba njia, na katika maisha yake yote hakuna mtoto wa ukoo ule aliyewahi kunywa kikombe cha maziwa yake. Huyo ndiye arudi, na Alfonsi aliyegawa mpaka viatu akae nje. Akamwachia jirani karai, akajifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, akamwambia Nathanieli atangulie Butiama akamwambie shangazi yake asimlambishe mtoto kitu chochote mpaka yeye afike, na akifika atakuwa na shahidi. Kisha akaenda barabarani, akapata lori lililokuwa linafuata pamba Bunda.

Njia nzima alikuwa anatunga maneno ya kumwambia marehemu, kwa sababu aliona wa kulaumiwa hasa ni Alfonsi mwenyewe. Mtu mzima, baba wa mtoto, anatunga utani kuhusu mbinguni halafu anakufa bila kuufuta.

Bernado alikuwa amehamia Kabasa, pale Bunda, na alikuwa amenenepa. Wenzake wa bendi walirudi kwenye majembe na nyavu. Yeye, biashara zilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuuzwa tena, alipata redio kaseti mbili na spika mbili akafungua kibanda cha kurekodia kanda. Ukienda na kanda tupu anakujazia. Spika ziliangalia barabara, na Eufrasia alisikia sauti ya mumewe kabla hajashuka vizuri kwenye lori.

Akasimama kando ya kibanda akasikiliza, kwa sababu kabla ya nyimbo kulikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyasikia. Ilikuwa sauti ya Bernado, nzito kama ya mtangazaji wa vifo. Ilisema sauti unayokwenda kuisikia ni ya marehemu Alfonsi Burito, ambaye alikufa saa moja, akaenda, akaona, akarudi kutuimbia, kisha akaenda moja kwa moja.

Akaanza kuelewa wifi yake alikopata dini hii mpya. Lakini kabla hajaingia, nyimbo ikaisha, ikafuata sauti nyingine nyembamba, ya mtu aliyebana pua, ikisema: "Mimi Alfonsi, nikiwa huku peponi, napenda kumsalimia Bwana Mayala wa mabuti ya mpira pale stendi ya Bunda. Mabuti yake hayapitishi maji, bei zake nafuu. Nawasalimia pia wateja wake wote."

Eufrasia akaingia.

Bernado alipomwona alisimama haraka, akafuta benchi kwa mkono, akamwita shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akaagiza soda. Akauliza habari za Musoma na habari za samaki. Eufrasia akamwacha amalize, akaketi, akaiweka soda chini bila kuifungua.

"Tangu amekufa," akasema, "mimi hajanisalimia hata kwa ndoto. Namlilia, namsalia, namlipia misa, kimya. Leo nimemsikia kwa masikio yangu anamsalimia muuza mabuti."

Bernado akajitetea kwamba siku hizi biashara ni huria.

"Huria mpaka mbinguni?"

"Shemeji, kule hata leseni hawaulizi."

Alitaka acheke, na kwa kweli siku nyingine Eufrasia angecheka, maana huyu Bernado alikuwa mtu wa utani tangu zamani na kwenye msiba alilia kuliko ndugu. Lakini leo hakucheka. Akamweleza habari ya mtoto, ya Nyangi, ya Magige na ng'ombe wake. Akamwambia anachotaka ni kitu kimoja: apande naye gari mpaka Butiama, asimame mbele ya Nyangi, aseme kwamba Alfonsi hakufa saa moja wala dakika moja, alitunga ile nyimbo akiwa mzima, na siku anarekodiwa alikuwa na samaki mdomoni, ndiyo maana neno la tatu halisikiki.

Bernado akakuna kidevu. Akasema jambo hilo ni gumu. Wateja wananunua kwa sababu ya yale maneno ya mwanzo. Bila yale maneno hiyo ni nyimbo ya zamani ya sabuni, na sasa sabuni zimejaa, nani atasikiliza? Akasema pia, kwa upole, kwamba yeye anamtunzia rafiki yake jina.

"Jina gani? Jina lake liko Butiama linakataliwa mlangoni, kwa sababu yako."

Eufrasia hakuondoka. Akafungua soda yake, akajiweka vizuri kwenye benchi la wateja, na mteja wa kwanza alipoingia, kijana wa baiskeli anayetaka ile kanda ya mtu aliyeona mbingu, Eufrasia akamkaribisha kama mwenye duka. Akajitambulisha kuwa yeye ndiye mjane. Akamsimulia habari ya foleni taratibu, bila kuruka kitu, jua, dirisha, sabuni iliyoisha, mpaka kijana akauliza kama kuna kanda ya kitu kingine. Aliyefuata naye akasimuliwa. Waliofuata walikuwa mama na bintiye, wakakaa kabisa kusikiliza, wakatoa pole, wakaondoka bila kununua, na huko nje wakaanza kuwasimulia wengine.

Bernado akashusha mlango wa kibanda.

Walifika Butiama jua limeanza kulegea. Nyangi alikuwa anaanua mihogo juu ya jiwe kubwa la nyuma ya nyumba. Alikuwa dada mkubwa wa Alfonsi, mrefu, mkavu, mwanamke ambaye mama yao alipofariki alimbeba Alfonsi mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Pembeni ya mihogo, kwenye jiwe hilohilo, alikuwa ameanika betri za redio zipate nguvu. Redio kaseti aliletewa na mkwe, na betri zilikuwa zimechoka kiasi kwamba nyimbo ya ndugu yake ilikuwa inafika mwisho wa ubeti wa kwanza, sauti inavutika kama mtu anayeshikwa na usingizi, inakata. Akianika betri, kesho anausikia tena ubeti uleule.

Salamu zilikuwa ndefu na za heshima, kama salamu za watu wanaotaka kugombana. Nathanieli alileta viti, Nyangi akakaa na mihogo yake mapajani. Boke alikuwa mlangoni na mtoto, macho yanakwenda kwa shangazi yanarudi kwa mama mkwe.

"Wifi," Nyangi akasema, "mimi sina ubaya. Mtu akisema sirudi, unataka nimkamate shati?"

Akaeleza kwamba jambo kama hilo lilishatokea nyumba ya tatu kutoka hapo. Mtoto alipewa jina la bibi ambaye kabla ya kufa aliapa hataki kuona tena mji ule. Mtoto alilia mpaka kitovu kikatoka nje, jina likabadilishwa akanyamaza. Yeye hawezi kumfanyia hivyo mtoto wa Nathanieli. Magige hajasema popote kwamba hataki kurudi.

"Magige hakuwahi kusema chochote," Eufrasia akajibu. "Kuongea kungemgharimu."

Akamsukuma Bernado mbele. Bernado akavua kofia, akakiri yote: yale maneno ya mwanzo ni ya kwake, hakuna aliyeona kitu, na salamu za mabuti ndiyo usiseme. Nyangi alimsikiliza kichwa kikiwa upande.

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Ndiyo, dada."

"Sasa nijuaje kama ulikuwa unadanganya zamani au unadanganya leo? Leo nani amekutuma?"

Bernado akamwangalia Eufrasia, na kule kumwangalia kukaharibu ushahidi wote.

Eufrasia akabadilisha njia. Akasema, haya, tuchukue kwamba Alfonsi alisema kweli. Alisema harudi kwa sababu gani? Kwa sababu ya foleni ya sukari. Sasa foleni ziko wapi? Si zimeisha? Hapa Butiama penyewe, wakati anashuka sasa hivi garini ameona duka lina sukari, lina sabuni za kila rangi, zingine zina harufu ya maua. Mtu akiondoka kwa sababu ya njaa, chakula kikipatikana si anarudi? Alijiona ameongea kama wakili, akakaa.

Nyangi alifikiri kwa haki kabisa.

"Hiyo sabuni ya maua umenunua?"

Eufrasia akakiri kwamba aliiona tu.

"Zamani hela tulikuwa nazo, sabuni hamna. Sasa sabuni ipo, hela hamna. Mimi ningekuwa Alfonsi ningekaa hukohuko."

Nathanieli, ambaye ni mwalimu na mshahara wake ulikuwa haujafika miezi hiyo, alikohoa. Hata Boke aligeuka ukutani ili asionekane anacheka. Eufrasia aliona jina la mumewe linamponyoka mbele ya watu, linatoka kama moshi, na yeye amekaa kwenye kiti cha wageni.

Lakini Nyangi naye alikuwa hajamaliza. Mtu akikaa na nyimbo moja muda mrefu, tena ubeti mmoja, maswali yanamjaa. Akamgeukia Bernado.

"Hebu niambie wewe uliyekuwa naye. Hiyo suruali ya bugaluu nyekundu ya Petro, nani anaifua?"

Bernado akasema anavyofikiri yeye, kule nguo hazichafuki.

"Kila nguo inachafuka," Nyangi akasema.

"Nyekundu inachuja juu yake," Eufrasia akaongeza kabla hajajizuia.

"Na hao malaika wa gita, wakimaliza zamu wanakula nini?"

"Nadhani kule hawali, dada."

Nyangi na Eufrasia wakaangaliana. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wamempikia Alfonsi. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba Alfonsi asingekaa mahali pa namna hiyo mpaka mchana. Nyangi akavuta kiti chake karibu kidogo, akauliza kama nyimbo ile ina ubeti mwingine, maana betri zake haziendi mbali. Bernado akasema upo. Akaambiwa auimbe kwa mdomo.

Akakataa kwa adabu, akasema sauti imeharibika. Akaambiwa tena. Akaimba, anapiga mapigo kwa vidole kwenye goti:

*Umeme huku haukatiki,*
*Chupa ya baridi haiishi,*
*Miguu juu, kofia usoni,*
*Wa kunifokea hayuko mbinguni.*



Eufrasia alikuwa ameusikia mstari huo mara nyingi, dansini, akicheka, kwa sababu mwimbaji alikuwa hai na akishuka jukwaani atafinywa ubavu. Kuusikia sasa mwimbaji akiwa ardhini ulikuwa mstari mwingine kabisa. Huko kwao wanapiga gita, wanakunywa baridi, wameinua miguu, na raha yenyewe, ile raha iliyowekwa mwisho kabisa, ni kwamba yeye Eufrasia hayupo.

"Rudia huo wa mwisho," Nyangi akasema.

Bernado akaurudia, taratibu sana.

"Ni nani huyo wa kumfokea?"

"Ni nyimbo tu, dada. Inatafuta vina."

"Ni mimi," Eufrasia akasema.

"Wewe?" Nyangi alimgeukia kama mtu aliyeporwa. "Wewe umemfokea miaka mingapi? Wewe umemkuta ameshafokewa. Mimi nilianza kumfokea hajaota meno. Nilimfokea akila udongo, nikamfokea alipoacha mbuzi waingie mtamani, nikamfokea alivyouza jembe langu akanunue nyuzi za gita. Ni mimi huyo."

"Mimi nilimfokea mpaka hospitali, wifi. Alikataa dawa chungu."

"Chungu? Mtu mzima?"

"Anageukia ukutani."

Nyangi alisimama. Mihogo ikamporomoka mapajani. Alikuwa na hasira sasa, lakini Eufrasia aliona kwamba haikuwa ile ya mwanzo, ile ya kuogopa. Hii ilikuwa na joto na ilikuwa na anwani. Akasema yeye alidhani ndugu yake amekataa kurudi kwa sababu ya mambo makubwa, labda aliona uso wa Mungu, na mtu akiona uso wa Mungu unamwacha, unamwambia kaa. Kumbe amekimbia midomo. Yeye amembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, mwenzake amemnyima usingizi, ameondoka bila kuaga, halafu anakwenda kuinua miguu na kutangazia Shirati kwamba anapumzika kutokana na makelele ya dada yake.

"Haiwezekani," akasema. "Boke, lete mtoto."

Nathanieli akakumbusha kwamba kazi hiyo inafanywaga asubuhi. Shangazi akamwambia asubuhi hasira yake itakuwa imepoa. Akaingia ndani, akatoka na uji wa ulezi uliobaki kwenye kibuyu, akampokea mtoto, akaenda kusimama mlangoni, uso wake umeangalia nje. Akamlambisha kidogo kwa kidole. Mtoto akakunja uso mzima, akameza.

"Alfonsi Burito," Nyangi akasema, kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Ulisema hurudi. Umerudi. Hapa ni kwenu, mlango ni huu, tumbo lililokuleta ni la Boke, umheshimu. Kazi zako nizitaje. Kuna mbuzi, utawachunga, na safari hii wasiingie mtamani. Kuna kisima, ni mbali, utakwenda. Kuna jembe, ni lilelile unalolijua, nililinunua tena. Shule utakwenda kwa sababu baba yako ni mwalimu. Dawa ikiwa chungu utameza. Gita utapiga ukimaliza yote hayo, wala sitasikia habari za wazungu. Kule ulikuwa umeinua miguu. Hapa miguu iko chini. Na wa kukufokea tupo."

Alitaka kuendelea, lakini sauti ilikatika katikati, akajifanya anaangalia kama uji umemwagika.

Bernado, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, aliuliza kama maneno hayo anaweza kuyarekodi, kwa kumbukumbu tu. Nyangi akamwonyesha ndoo na upande kisima kilipo, naye akaondoka nayo bila ubishi.

"Haya wifi," Nyangi akasema, akimgeuza mtoto. "Mshike mume wako. Nawe una yako."

Eufrasia alikuwa nayo. Alikuwa ameyatunga tangu Nyakato, yamepangwa vizuri: habari ya kufa bila kufuta utani, habari ya sangara walioungua, habari ya Mayala na mabuti yake, na ile ya raha iliyokamilika kwa sababu yeye hayupo, ambayo aliiweka ya mwisho kwa kuwa ndiyo nzito. Akaketi, akamlaza mapajani, akamfunika miguu kwa ncha ya kitenge. Wote wakangoja. Mtoto alimwangalia kwa jicho moja, lingine limeshafunga, uji umemgandia kwenye mdomo wa juu.

"Alfonsi," akamwita.

Mtoto akapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake.

"Umeshiba?"

Boke akajibu kwa niaba yake kwamba alinyonya kabla wageni hawajafika. Eufrasia akamfuta ule uji kwa kidole gumba, akamsogeza karibu na tumbo lake.

"Basi lala kwanza," akamwambia. "Ukiamka tuna maneno."